Amri ya Kuhesabu Moja

Ndani ya prosesa ya kompyuta kuna amri moja ambayo ukielezwa kazi yake utauliza, sasa hii ya nini? Unaipa namba, nayo inakwambia kwamba namba hiyo, ikiandikwa kwa sifuri na moja tupu, ina moja ngapi. Basi. Haijumlishi bei ya unga wala haichori picha. Ferranti Mark 1, kompyuta iliyofungwa Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1951, ilikuwa nayo. Prosesa za Intel, ambazo ndizo zilizojaza maofisi na nyumba za watu tangu miaka ya 1980, hazikuipata hadi mwaka 2008. Hapo katikati ni miaka 57, na kulikuwa na watu walioikosa kweli kweli amri hii, wakaitafutia mbadala kwa kila hila. Baadhi yao walikuwa wakiandika programu za kucheza sataranji.

Historia ya sataranji ya kompyuta tumezoea kusimuliwa kama hadithi ya misuli: mashine zilikuwa dhaifu, zikapata nguvu, mwaka 1997 Deep Blue ya IBM ikamshinda Garry Kasparov, hadithi ikaishia hapo. Mimi naona hiyo ni nusu tu, tena nusu isiyo na utamu. Nusu ya pili inatuhusu zaidi sisi tunaopenda maandishi, kwa sababu ni habari ya namna ya kuandika. Swali lilikuwa hili: ubao wa sataranji uuandikeje ili mashine iusome haraka?

Namna ya kwanza ni ile ambayo mtu yeyote angeanza nayo. Unachukua visanduku 64 kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila mraba na kisanduku chake, na ndani unaweka namba: 1 ni askari, 2 ni farasi, na kuendelea. Ukitaka kujua ngome yako inaweza kwenda wapi, unatembea kisanduku baada ya kisanduku ukichungulia. Kuna mtu? Hakuna. Kuna mtu? Yupo, simama. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayepita kugonga milango. Kazi inafanyika, lakini kila mlango una gharama yake, na programu ya sataranji hugonga milango hiyo mamilioni kwa mamilioni kabla ya kucheza hatua moja.

Namna ya pili ilianzia kwenye drafti. Christopher Strachey, mwalimu wa shule ya Harrow huko Uingereza, aliandika programu ya drafti ambayo kufikia mwaka 1952 iliweza kucheza mchezo mzima kwenye ile mashine ya Manchester. Drafti ya Waingereza hutumia miraba 32 tu. Strachey hakuweka visanduku. Aliuandika ubao kwa maneno matatu, na hapa "neno" ni istilahi ya fani: furushi la biti ambalo kompyuta hulishika kwa mkupuo mmoja. Neno la kwanza lilisema kete nyeusi ziko wapi. Biti ya mraba ikiwa 1 kuna kete, ikiwa 0 hakuna. La pili lilikuwa la kete nyeupe. La tatu lilionyesha zipi kati ya hizo ni kingi. Hapo ubao haukuwa tena mtaa wa kugongwa mlango mmoja mmoja. Ulikuwa namba, na namba unaweza kuifanyia hesabu.

Kwenye mashine hiyohiyo, Novemba 1951, Dietrich Prinz alikuwa ameendesha programu ya sataranji iliyotatua mafumbo ya kumfunga mfalme kwa hatua mbili. Ilihitaji kama dakika 15 kwa fumbo moja. Huo ndio mwendo walioanzia.

Sataranji ina miraba 64. Kuiandika kwa mtindo wa Strachey kunahitaji neno la biti 64, tena maneno 12 ya aina hiyo: aina sita za kete mara rangi mbili. (Wachezaji wa bao msikimbilie kuniambia kwamba kete zenu nazo ni 64. Najua. Lakini bao haliingii kwenye mtindo huu kirahisi, kwa sababu shimo moja linaweza kubeba kete nane au kumi na mbili, na biti moja inajua kusema ndiyo au hapana tu.)

Hebu tuone utamu wake. Tuseme mraba a1 ni biti ya kwanza, b1 ya pili, mpaka h1 ya nane, halafu a2 ya tisa, na kadhalika hadi h8 ambayo ni ya 64. Askari weupe wote wanane wamo kwenye neno moja. Unataka kujua nani anaweza kusonga mbele? Sogeza biti zote za neno hilo nafasi nane. Amri moja, na askari wote wamepiga hatua pamoja kama wako kwenye gwaride. Halafu unafuta waliokanyaga mraba wenye mtu, kwa amri nyingine moja au mbili. Hakuna mlango uliogongwa. Askari wanapokula husogezwa nafasi saba au tisa, ila hapo pana mtego: askari aliye pembeni kabisa, safu ya h, akisogezwa nafasi tisa anaibukia upande wa pili wa ubao, safu ya a, kama mtu aliyeingilia mlango wa uani. Kwa hiyo unaifuta kwanza safu hiyo. Farasi ni rahisi zaidi. Farasi wa e4 hutazama daima miraba ileile minane: c3, c5, d2, d6, f2, f6, g3 na g5. Unaandaa jedwali la maneno 64 mara moja, kisha siku zote unasoma tu.

Baada ya hapo yanabaki maswali mawili. Neno likishaonyesha miraba ambayo kete inaweza kuifikia, je, ni mingapi? Maana kete yenye pa kwenda pengi kwa kawaida ina nguvu kuliko iliyobanwa. Na mraba wa kwanza ni upi, ili hatua yake iandikwe, kisha unaofuata, na unaofuata? La kwanza ni kuhesabu moja. La pili ni kutafuta moja iko nafasi gani. Ferranti Mark 1 ilikuwa na amri ya kuhesabu na amri ya kutafuta pia. Mashine nyingi zilizokuja baadaye hazikuwa na hata moja.

Sasa asiye nazo afanyeje? Hila maarufu ni kutoa kwa kukopa, ileile tuliyofundishwa shule ya msingi. Chukua 10100, toa 1. Sifuri ya mwisho haina kitu, inakopa kwa jirani. Jirani naye hana, anakopa kwa anayefuata, mpaka anapatikana mwenye moja. Unabaki na 10011. Zilinganishe namba hizo mbili, ubakize moja pale tu ambapo zote mbili zina moja. Unapata 10000. Moja ya mwisho kulia imefutika. Rudia hadi namba iishe, ukihesabu umerudia mara ngapi, na jibu unalo. Hila hii ilichapishwa mwaka 1960, na tangu hapo kila kizazi cha waandishi wa programu huigundua upya na kufurahi kana kwamba ni yake.

Mtindo wa biti ulifikishwa kwenye sataranji na makundi mawili, moja Moscow na jingine Marekani, kila moja kwa njia yake. La Moscow ndilo linalonigusa zaidi. Lilianzia kwenye maabara ya mwanahisabati Alexander Kronrod, ambako programu yao ilishindana kwa telegrafu na ile ya Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1966 na 1967, ikashinda 3 kwa 1. Kisha mwaka 1968 Kronrod alikuwa miongoni mwa wanahisabati waliotia saini barua ya kumtetea mwenzao Alexander Esenin-Volpin, aliyefungiwa kwa nguvu hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu za kisiasa. Huyu Esenin-Volpin alikuwa pia mshairi, na mtoto wa mshairi Sergei Yesenin. Saini hiyo ilimgharimu Kronrod maabara yake. Kundi la sataranji lilihamia taasisi nyingine ya Moscow, ile ya masuala ya udhibiti, na huko Vladimir Arlazarov, Georgy Adelson-Velsky, Anatoly Uskov na Mikhail Donskoy wakaandika programu iliyoitwa Kaissa. Makala waliyochapisha wanakundi mwaka 1970 tayari ilieleza ubao ulioandikwa kwa biti.

Mwaka 1974 yakafanyika Stockholm mashindano ya kwanza ya dunia ya programu za sataranji. Kaissa ilibaki Moscow, ndani ya mashine ya Kiingereza aina ya ICL 4/70, na hatua zikapitishwa kwa simu. Ilishinda michezo yake yote minne. Mashine yenyewe ilikuwa ya maneno ya biti 32. Yaani ubao mmoja ulikuwa lazima ukatwe vipande viwili, kila hesabu ifanyike mara mbili, na askari anayevuka kutoka nusu moja kwenda nyingine apitishwe mpakani kwa mkono. Waliandika kwa mashine ambayo haikuwepo mbele yao.

Walioshika nafasi ya pili Stockholm, David Slate na Larry Atkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, walikuwa na balaa la kinyume. Programu yao, iliyoitwa Chess bila mapambo yoyote, iliandikwa kwa asembli, yaani amri za prosesa zenyewe moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta za kampuni ya CDC. CDC 6600 ya mwaka 1964, kazi ya Seymour Cray, ilikuwa na amri ya kuhesabu moja. Kwa nini iliwekwa? Watu wa fani wamesimuliana kwa miaka kwamba ni wavunja-msimbo wa serikali ya Marekani ndio walioitaka. Vyovyote iwavyo, waandishi wa sataranji walinufaika. Ila neno la CDC lilikuwa na biti 60. Sitini! Umepewa shuka zuri, halafu halifiki miguuni kwa vidole vinne.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza kama shida zote hizi zilikuwa na maana. Mchezaji akiwa katikati ya mchezo ana wastani wa hatua 30 na kitu za kuchagua. Kutazama hatua moja mbele zaidi kunazidisha kazi mara 30 na kitu. Iko mbinu ya kukata matawi yasiyo na maana, iitwayo alfa-beta, ambayo ikifanya kazi vizuri kabisa hupunguza kizidisho hicho hadi kama 6. Kwa hiyo ukiifanya programu yako iwe na kasi mara mbili, hujanunua hata hatua moja nzima ya kuona mbele. Jasho lote la asembli, na faida yake ni sehemu ya hatua.

Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani na mhandisi wa umeme, aliamini njia hiyo si ya kufuata. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950, alikuwa ametofautisha programu inayotazama kila hatua na ile inayochagua chache kama anavyofanya bingwa. Botvinnik alichagua ya pili, akaitumikia kwa miaka mingi kupitia programu yake Pioneer, ambayo haikuwahi kushiriki mashindano ya dunia. Slate na Atkin nao walianza na kuchagua, kisha mwaka 1973 wakaacha. Waliamua kutazama kila kitu. Mtu anayetazama kila kitu hana budi kutazama haraka, na hapo ndipo amri ndogo za prosesa zilipopata heshima yake. Binafsi naona Botvinnik hakukosea kuhusu wachezaji binadamu. Alikosea kudhani mashine lazima ifike kwa barabara yetu.

Miaka ya 1980 mtindo wa biti ulipata pigo, kwa sababu sataranji ilihamia kompyuta za nyumbani zenye maneno ya biti 8 na 16. Huko, ubao wa biti 64 ungekatwa vipande vinne au vinane, na vile visanduku vya mjumbe vilikuwa na kasi zaidi. Wajuzi wa asembli wakavinoa visanduku hivyo mpaka vikang'aa. Mwingereza Richard Lang aliandika hivyo, na Agosti 1994 huko London programu yake Genius, kwenye kompyuta ya Pentium ya kawaida, ilimtoa Kasparov kwenye mashindano ya michezo ya haraka. Miaka mitatu kabla ya Deep Blue, tena bila mashine ya mamilioni ya dola.

Wakati huohuo Robert Hyatt alifanya jambo lililoonekana la kipuuzi. Programu yake ya awali, Cray Blitz, ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1983 na 1986 kwenye kompyuta kubwa za Cray, ambazo neno lake ni biti 64 na amri ya kuhesabu moja wanayo. Katikati ya miaka ya 1990 alianza programu mpya, Crafty, akaiandika kwa ubao wa biti, wakati karibu kompyuta zote za watu zilikuwa za biti 32. Alijua anajichelewesha. Alikuwa anaandika kwa ajili ya prosesa ambazo wasomaji wake wangezinunua baadaye. Tena akaiachia programu nzima bure, kila mtu asome ilivyoandikwa, na nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko medali zake mbili.

Ukiisoma Crafty ya miaka ile unakutana na vijisehemu vya asembli vilivyochomekwa katikati ya lugha ya C kama msemo wa kilugha katikati ya Kiswahili sanifu. Prosesa ya Intel 386 ya mwaka 1985 ilikuwa imeleta amri ya kutafuta moja, lakini iliichunguza biti moja baada ya nyingine, polepole, hadi watu wakaikwepa. Ilipofika Pentium Pro mwaka 1995 ikawa ya kasi, na ghafla ikafaa kuichomeka. Kwa wasio na amri hiyo, watafiti wa MIT walieleza mwaka 1998 hila nzuri kuliko zote ninazozijua: bakiza moja ile ya mwisho peke yake, izidishe na namba maalumu iliyotokana na mfuatano wa Mholanzi de Bruijn, chukua biti sita za juu za jibu, nazo zinakuelekeza kwenye jedwali dogo lenye nafasi unayoitafuta. Hakuna kurudiarudia, hakuna kuuliza "kama". Kuzidisha kumegeuzwa kidole cha kuonyeshea.

Aprili 2003 AMD ikatoa prosesa ya Opteron ya biti 64, na baada ya muda hata kompyuta za mezani zikawa hivyo. Neno likatosha ubao mzima. Zile nusu mbili zikaungana, na walioshikilia visanduku wakaanza kuachwa.

Ilibaki ngome, askofu na malkia. Farasi haoni vizuizi, lakini ngome huona mpaka pale njia inapozibwa, na vizuizi hubadilika kila hatua. Hyatt alikuwa akitunza nakala nne za ubao, nyingine zimezungushwa, ili kila mstari wa kutazama uwe mfululizo wa biti jirani. Kufikia mwaka 2006 ikasambaa njia nyingine: chukua vizuizi vilivyo kwenye njia za ngome hiyo, zidisha na namba fulani, na zile biti zilizotawanyika ubao mzima zinajikusanya juu ya neno, tayari kuwa anwani ya jedwali. Majedwali ya ngome na askofu kwa pamoja hula karibu kilobaiti 840. Namba za kuzidishia hazikupatikana kwa fomula. Zilitafutwa kwa kubahatisha, kompyuta ikijaribu namba hii na ile hadi ipatikane isiyogonganisha anwani, na wenyewe waliziita namba za kimazingaombwe.

Kisha mwaka 2013 prosesa za Intel aina ya Haswell zikaja na amri iitwayo PEXT, ambayo inafanya kazi hiyohiyo ya kukusanya biti zilizotawanyika, kwa mkupuo mmoja, bila mazingaombwe yoyote. AMD nao wakaiweka, lakini kwa miaka kadhaa ndani ya prosesa zao ilikuwa na kasi ya konokono, hadi zile za Zen 3 za mwishoni mwa 2020. Ndiyo maana mtu aliyetaka kupakua Stockfish, programu huria iliyotokana na Glaurung mwaka 2008, alikuta matoleo kadhaa yaliyotofautishwa kwa majina ya amri za prosesa, na ilibidi ajue chipu yake ni ipi. Programu ileile, mchezo uleule, lafudhi tofauti.

Mabadiliko makubwa ya mwisho hayakutoka kwenye sataranji. Mwaka 2018 Yu Nasu wa Japani alibuni, kwa ajili ya shogi, mtandao mdogo wa neva unaoweza kukokotolewa kwa prosesa ya kawaida. Kete moja ikisogea, mtandao haukokotoi ubao wote upya; katika tabaka lake la kwanza hutoa namba za mraba wa zamani na kujumlisha za mraba mpya. Stockfish iliupokea mwaka 2020. Kinachouendesha ni amri za kufanya hesabu nyingi za aina moja kwa pamoja, ukoo ulioingia kwenye prosesa za Intel Januari 1997 kwa ajili ya picha na sauti, miezi minne kabla Kasparov hajasalimu amri kwa Deep Blue. Katika Haswell ile ya PEXT, amri hizo zilikuwa zimefikia kushika namba 16 za biti 16 kila moja kwa mkupuo.

Kwa hiyo kusema nani yuko vizuri kwenye ubao sasa ni kazi ya mtandao huo, wala sheria zilizoandikwa na watu hazihitajiki tena hapo. Lakini mtandao haujui hatua gani zinaruhusiwa. Hiyo bado ni kazi ya yale maneno ya biti 64, na askari weupe bado wanasogezwa nafasi nane, wote kwa pamoja, kwa amri moja.